Bibi Aliyepanda Lori Letu Karema

Tangu nistaafu nikarudi kuishi Kabungu, kila tukikutana mnaniuliza swali lile lile. Yule bibi aliyepanda lori letu Karema, kakumbatia kibuyu, akatusema njia nzima, alikuwa nani wako? Na alikuwa anaenda kufanya nini? Juzi Yustini kaniuliza tena mbele ya wajukuu zake, na kabla sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe, uongo mtupu, eti alikuwa mganga tuliyepewa ili tusifungwe mpira. Mpira wenyewe tulikuwa tumeshafungwa! Nimechoka. Nimeona bora niandike, maana kwenye karatasi Yustini hawezi kunikatiza.

Mnaikumbuka wiki ile. Ilikuwa miaka ya hamsini, tuko darasa la saba shule ya kati ya misheni, miguu mitupu, kaptula za kaki zenye viraka matakoni. Mwaka mzima tulikuwa tunajua mambo matatu tu: darasa, kanisa na shamba la karanga. Halafu Mwalimu Kasimiri, yule mfupi aliyekuwa akitembea kama anachelewa misa, akasimama mbele yetu akasema karanga zimekubali, kwa hiyo tutatembezwa. Jumatatu Mpanda kuona mgodi na garimoshi. Katikati ya wiki Magamba na Kasokola. Mwisho wa wiki Karema, ziwani, kucheza mpira na kuimba misa. Jamani! Kuna usiku gani tuliolala?

Sasa hili hamkulijua. Jumapili ile jioni nilipita nyumbani kuaga, mama akanikabidhi kibuyu cha asali. Mama yangu, Tekla, alizaliwa Karema, Mbende wa ziwani. Baba alikuwa Mkonongo wa mizinga ya nyuki, alikuwa akipeleka asali na nta ziwani kubadilishana na samaki. Huko ndiko alikomwona mama, na alfajiri moja wakaondoka wote wawili bila kumuaga mtu. Ndoa walifunga kanisani baadaye, hapa hapa Kabungu, lakini bibi, mama yake mama, alikuwa ameshakasirika. Wazee wa baba walipompelekea mbuzi wa kuomba radhi, aliwarudishia na kamba yake. Akasema hatakula kitu cha mkono wa Tekla mpaka aingie kaburini.

Na mila ya huko mnaijua. Mzazi asipokula kile ulichomletea cha kuomba radhi, wewe huukanyagi ua wake, maana utawaletea watoto wako balaa. Kwa hiyo mama hakuwahi kurudi kwao. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, nilikuwa na miaka kumi na mitano, na bibi yangu sikuwahi kumtia machoni. Masika ya mwaka ule mama alisikia kwamba bibi kaugua kifua, na tangu siku hiyo hakuwa na raha.

"Feli," akaniambia, "umpe mkononi mwake. Akilamba hata kwa kidole kimoja, mimi nimepata njia ya kwenda kumwona mama yangu. Akikataa, urudi nacho."

Ndicho kibuyu mlichokuwa mnanicheka nacho wiki nzima, eti nimebeba mtoto.

Mpanda: tunalisubiri garimoshi

Lori lilikuwa la mfanyabiashara aliyekuwa akinunua karanga za misheni, na dereva wake alikuwa Rajabu, mtu wa Ujiji, mrefu, kofia ya kiua, mcheshi kuliko sisi wote. Alikuwa akituita mapadre wadogo. Tulipofika Mpanda vumbi lilikuwa limetufanya wote rangi moja.

Mgodini tuliona mashine ya kusaga mawe, na king'ora kilipolia nusu ya darasa ililala chini. Nielezeni nyie mnaojisifu kwa wajukuu kwamba hamkulala. Mimi sikulala kwa sababu moja tu, ningevunja kibuyu. Kisha tukapelekwa stesheni. Tuliambiwa garimoshi litaingia saa nne asubuhi. Saa nne ikapita, jua likaja utosini, likaanza kuteremka, na reli imekaa pale pale inang'aa. Mwalimu Kasimiri kila akienda kuuliza, anaambiwa linakuja. Linakuja kutoka wapi? Linakuja tu.

Njaa ikatukamata. Kulikuwa na Mrundi mmoja, mfanyakazi wa mgodini aliyekuwa akimsubiri ndugu yake, akatuonea huruma, akanunua mkate wa ngano dukani akaukata kwa kisu chake. Kwa wengi wetu ule ndio mkate wa kwanza. Niliutia mdomoni ukayeyuka kabla sijautafuna, nikabaki najiuliza kama nimekula au nimeota. Mpaka leo nikila mkate naukumbuka ule, na hakuna unaoufikia.

Hapo ndipo askari wa stesheni alipokiona kibuyu. Akaja, akanusa.

"Hii wanzuki hii," akasema. "Watoto wa shule mnabeba pombe?"

"Ni asali, afande."

"Wanzuki inatengenezwa na nini? Si asali hiyo hiyo? Fungua nionje."

Nikakataa. Mimi, mtoto wa darasa la saba, nikamwambia askari mwenye bunda la funguo kiunoni kwamba sifungui. Mwalimu Kasimiri akatoa macho. Nikasema mzigo huu mama kanituma kwa bibi, na wa kwanza kuulamba ni bibi mwenyewe. Askari akaanza kupandisha sauti, na sijui ingeishaje kama garimoshi lisingepiga honi wakati ule ule. Watu wote wakakimbilia reli. Isipokuwa Yustini. Yustini alikuwa amelala kwenye gunia, akashtushwa na honi, akatimua mbio kuelekea msituni. Ndiyo, Yustini, ulikimbia! Alirudi behewa la mwisho limeshasimama, anahema, anasema alikwenda kujisaidia.

Jioni Rajabu aliniita pembeni. "Hebu nieleze, padre mdogo. Asali gani hiyo inayokufanya upigane na serikali?" Nikamweleza yote. Alisikiliza, akatikisa kichwa, halafu akacheka.

"Sasa utaingiaje kwa bibi yako?"

"Nitabisha hodi, nitapiga magoti, nitapiga makofi, nitamwamkia."

"Hapo umeharibu. Ukiingia kwa magoti unaingia kama mshitakiwa. Bibi ni mkeo, we mtoto! Ni mtani wako. Ingia kwa utani, muulize chakula kiko wapi, muulize kwa nini amezeeka bila ruhusa. Akicheka, kazi imekwisha. Mtu akishacheka hawezi kurudia kununa palepale."

Niliona ni maneno ya mtu mzima aliyetembea. Tatizo ni kwamba mama wa baba alikufa kabla sijazaliwa, kwa hiyo utani wa bibi na mjukuu nilikuwa nausikia tu kwa wenzangu. Nilikuwa sijawahi kumwita bibi yeyote mke wangu.

Magamba na Kasokola: najifunza kuoa

Basi nikaamua nitajifunza njiani. Magamba tulipukuchua mahindi na wenyeji mpaka vidole vikavimba, usiku tukapewa ugali na mlenda, tukalala kwenye ghala juu ya magunzi. Nilijaribu kumtania bibi mmoja aliyekuwa akipepeta, sauti ikanikwama, nikaishia kumwamkia mara mbili. Akanijibu mara mbili, akamuuliza mwalimu kama nina homa.

Kesho yake tairi la lori lilipasuka, tukaenda Kasokola kwa miguu tukiimba. Mnaikumbuka ile njia? Upepo wa kiangazi, majani makavu ya miombo yanalia chini ya miguu, na sisi tunaimba nyimbo za misa kwa mwendo wa jeshi. Mwalimu Kasimiri alikuwa mbele, mikono nyuma, anajifanya hasikii Yustini anavyobadilisha maneno. Natamani siku moja tu ya namna ile, na magoti ya wakati ule.

Kasokola bibi mmoja alitupa uji wa ulezi. Alikuwa mzee hasa, meno yamebaki ya kuhesabika. Nikajipa moyo.

"Mke wangu," nikamwambia, "uji huu umempikia mumeo au umempikia mbwa?"

Akaniangalia kuanzia vidole vya miguu. "Mume wangu alikuwa na ndevu," akasema. "Wewe kidevuni una vumbi tu. Kanawe, halafu uje tuongee habari ya ndoa."

Nyie mlicheka mpaka mkamwaga uji. Mimi nilinyweshwa aibu, lakini moyoni nilifurahi, nikajua sasa naweza. Akaniongezea kata nzima, na aliponiaga akaniita mume wangu wa vumbi. Nikasema moyoni, wa Karema hatapona.

Njia ya ziwani: mtu wa mbung'o

Ijumaa lori likatufuata na tairi lingine, tukaishika njia ya Karema. Pori lile halikuwa na mwisho. Katikati yake kulikuwa na kizuizi cha mbung'o, na yule bwana mwenye koti jeupe na wavu mdogo mkononi, aliyekuwa akihakikisha hakuna gari linalotoka na mbung'o kwenda kwenye vijiji. Lori likaingizwa kwenye banda la giza la nyasi, sisi tukapangwa mstari, akatuzunguka mmoja mmoja akitupapasa migongo kwa wavu. Kazi yake aliichukulia kama ibada.

Mbung'o mmoja alitua juu ya kibuyu changu. Bwana yule akasimama, akanyoosha mkono kuwataka wote wanyamaze. Akanyata. Akapiga wavu, kibuyu kikanitoka mikononi, kikadunda mchangani. Hakikupasuka. Nilikiokota nikakigeuza, nikakipapasa kila upande kwa ulimi nione kama kinavuja.

"Huyu wa wapi, analamba kibuyu?" bwana wa mbung'o akauliza.

"Mwache," Rajabu akasema, "anakwenda kuposa."

Mchana ule tukaanza kuteremka mlima, na mara mtu akapiga kelele. Ziwa lile hapo! Lori zima tulisimama. Mimi nilikuwa nadhani ziwa ni bwawa kubwa, kwamba ukisimama upande huu unawaona watu wa upande ule. Mtu akauliza ng'ambo yake iko wapi. Rajabu akajibu ng'ambo ni Kongo, na hata yeye hajawahi kuiona vizuri isipokuwa siku ya hewa safi. Nikawaza kwamba mama aliyaona maji haya kila siku ya utoto wake, akaja kuishi kwetu ambako tunachimba mchanga wa mto kupata ndoo moja. Nilimwonea huruma mama yangu siku ile kuliko siku zote.

Karema: namtania asiyetaniwa

Wenyeji wetu walitupokea kwa samaki wa kuchoma, migebuka ya ziwani, na ugali wa muhogo. Niliomba ruhusa nikaulizia nyumba, nikaambiwa ile ya mwisho kabla ya mchanga. Nilinawa uso kwa sababu ya maneno ya yule bibi wa Kasokola. Nikashika kibuyu changu, nikaenda.

Uani kulikuwa na wanawake wanaanika dagaa. Mmoja alikuwa amenipa mgongo, ameinama, kichwa chake cheupe kwa mvi. Nikasema huyu ndiye. Nikasimama, nikavuta pumzi, nikaita kwa sauti ya kiume kabisa:

"We mke wangu! Mumeo anatoka bara na vumbi mpaka masikioni, wewe umeinama hapo na dagaa! Maji ya kuoga yako wapi? Au umeshapata mwanamume mwingine?"

Wanawake wote wakaacha kazi. Yule mwenye mvi akageuka pole pole. Uso haukuwa wa bibi. Ulikuwa uso wa mama yangu mwenyewe, umeongezewa miaka kidogo.

"Unamwita nani mke?" akauliza.

"Wewe. Kwani wewe si bibi yangu?"

"Mimi ni Sesilia."

Mungu wangu. Mama alikuwa amenitajia Sesilia, dada yake mkubwa. Mvi za mapema ni za ukoo wetu, mnaniona mimi mwenyewe. Sasa fikirini: bibi unamtania utakavyo, lakini mama mkubwa ni mama. Hatofautiani na aliyekuzaa. Kumwita mke, tena mbele ya majirani, ni jambo ambalo kwetu hata mlevi halisemi. Mmoja wa wale wanawake alijifunika uso kwa kanga. Mwingine akasema huyu mtoto alipwe fimbo kwanza, mengine baadaye. Mama mkubwa alikuwa ameshainua ungo wa dagaa, nami nimefumba macho nausubiri.

Ndipo tukasikia kicheko kutoka ndani ya nyumba. Kicheko chembamba kilichokatwa na kikohozi, kikaanza tena. Akatoka bibi kizee mdogo, mkavu, shuka begani, anajifuta machozi.

"Sesilia!" akasema. "Nimehangaika kukutafutia mume tangu ufiwe, kumbe anatoka bara kwa miguu yake! Mpokeeni mkwe wangu!" Akacheka mpaka akashika mlango. "Haya, bwana harusi, wewe wa nani?"

Utani wote ukanitoka. Nikapiga magoti, nikapiga makofi kama wanavyoamkiwa wazee. "Mimi ni Felisiani, bibi. Mtoto wa Tekla, wa Kabungu."

Kicheko kikakatika pale pale. Bibi akaniangalia, akakiangalia kibuyu, na akajua ni cha nini kabla sijasema. Nikakinyoosha kwa mikono miwili.

"Rudi nacho," akasema. Akaingia ndani.

Mama mkubwa akautua ungo. Hasira zilikuwa zimemwishia. Akanikalisha jikoni, akanipa samaki, akaniuliza mama anaishije, ana watoto wangapi, baba anampiga au hampigi. Nikamjibu huku nalia ndani ya samaki. Alisema jina la Tekla halijatajwa uani pale tangu yeye hana mvi hata moja.

Jumamosi: kelele za uwanjani

Mechi mnaikumbuka kuliko mimi, na kila mmoja anaikumbuka kwa namna yake. Mimi nilikuwa golini. Vijana wa Karema walikuwa wamekula samaki tangu wazaliwe, walikuwa na mapaja kama milango. Goli la kwanza halikuwa kosa langu. La pili tunaweza kujadiliana.

Baada ya lile la pili nikasikia sauti nyuma ya goli.

"Mume gani huyu! Mikono mirefu yote hiyo, hashiki kitu!"

Nikageuka. Bibi yangu alikuwa amesimama pale, kamwegemea mama mkubwa, uwanja mzima unamsikia. Alikuwa amenitania. Mbele za watu, bibi yangu alikuwa ameniita mume. Nilihisi mwili mzima umepata joto, nikasahau mpira uko wapi.

"Mke, acha kelele!" nikampazia sauti. "Nenda kapike, nitakula nini nikishinda?"

"Ukishinda? Wewe? Leo utakula mchanga!"

Watu wakacheka mpaka refa akasimamisha mchezo. Na nilipogeuka kuangalia mbele, goli la tatu lilikuwa linapita. Ndiyo. Ndivyo lilivyoingia lile. Mliniuliza miaka yote hii nilikuwa naangalia wapi, sasa mmejua.

Mechi ilipokwisha bibi alinishika sikio, akalivuta, akalitazama kwa karibu. "Masikio ya babu yako haya," akasema. Basi. Nikathubutu kuuliza habari ya asali. Akaniachia sikio, akaondoka na fimbo yake.

Jumapili: kukataa uso kwa uso

Baada ya misa lori lilianza kupakiwa. Nikaenda kuaga, kibuyu mkononi. Bibi alikuwa amekaa kizingitini, jua la asubuhi miguuni.

"Bibi, onja tu. Kwa kidole. Nitamwambia mama umeonja, ataweza kuja kukuona."

"Yeye kazi yake ni kutuma," bibi akasema. "Alipoondoka hakuaga. Leo anaomba radhi kwa kibuyu. Mdomo hana? Asali haisemi. Mimi silambi mpaka niisikie sauti yake."

"Hawezi kuja mpaka ulambe! Si ndiyo mila yenu wenyewe?"

"Mila ni mila."

Nikashindwa kujizuia. Mtoto wa kiume, golikipa, nikaangua kilio pale pale. Nikamwambia kwamba mama alikaribia kuwa mgonjwa aliposikia habari ya kifua chake, kwamba sisi watoto tukimuuliza habari za ziwa anageuza uso, na kwamba mimi nimekibeba kibuyu hiki nikakitetea kwa askari na kwa mbung'o na sasa nikirudi nacho nitamwangalia vipi.

Mama mkubwa alikuwa amesimama jikoni anasikiliza. "Basi kaeni hivyo hivyo," akasema. "Mmoja anangoja alambiwe ndiyo aje, mwingine anangoja aje ndiyo alambe. Mama, wewe na mwanao ni mtu mmoja aliyejigawa. Mtazikana hivyo hivyo mmenuna."

Rajabu akapiga honi, mara moja, mara mbili. Nikafuta pua, nikageuka kwenda.

"Sesilia," nikamsikia bibi nyuma yangu. "Nipe mkeka wangu."

"Unakwenda wapi?"

"Nakwenda kumkatalia mwenyewe. Uso kwa uso. Nataka anione ninavyokataa." Akaninyang'anya kibuyu. "Lete hicho. Mzigo wa kukataa naubeba mwenyewe."

Kurudi: mnayoyajua na msiyoyajua

Yaliyofuata mliyaona. Rajabu alimpa kiti cha mbele, akakikataa, akasema hawezi kukaa na mwanamume asiyemjua. Tukampandisha nyuma kama gunia la thamani. Alimwambia Yustini, "Wewe mwenye kichwa kikubwa, sogea hapa unikinge jua," na Yustini akamkinga jua njia nzima. Mwalimu Kasimiri alijaribu kumwamkia kwa Kiswahili cha shule, akaambiwa aongeze sauti, kisha akaambiwa apunguze. Kwenye kizuizi bwana wa mbung'o alipomjia na wavu, bibi akamtolea macho. "Mbung'o gani atakayeniuma mimi? Atapata nini?" Bwana yule, aliyekuwa haogopi lori wala mzungu, akashusha wavu wake, akasema mama apite.

Msilolijua ni hili. Tulipokaribia Kabungu, nyie mlikuwa mnaimba, bibi alinivuta karibu. Alikuwa ameanza kuchoka, sauti imeshuka.

"Mama yako bado anaimba?"

"Anaimba akitwanga."

"Anaimba nini?"

"Nyimbo za kwenu. Sisi hatuzielewi."

Akageukia porini, akafunga shuka lake vizuri. Lori likasimama mlangoni kwetu.

Baba alipoona nani anashushwa, alitokea mlango wa nyuma akaenda kwenye mizinga yake, maana mkwe hatazamani na mama mkwe, na kwa hili alikuwa na sababu zaidi ya mila. Mama alikuwa uani, unga mpaka kwenye viwiko. Alisimama. Kisha akaenda chini, magoti mawili kwenye vumbi, akapiga makofi, na kila alipojaribu kutamka neno la kuamkia, halitoki.

Bibi alisimama mbele yake na kibuyu. Nilikuwa nangoja aseme silambi. Alimwangalia mama kichwani, pale mvi zilipokuwa zimeanza.

"Tekla," akasema. "Na wewe umezeeka."

"Nisamehe, mama," mama akasema. Ndipo sauti ikatoka. "Niliondoka sikuaga. Nisamehe."

Bibi akakaa kizingitini kwa nguvu, kama mtu aliyetembea kwa miguu toka Karema. Akalitazama jiko, akaitazama nyumba, akatutazama sisi watoto tuliopangana ukutani tunaogopa kupumua.

"Humu ndani kuna nini cha kula?"

"Kuna kiporo tu, mama. Ngoja nisonge kingine, ngoja nichinje kuku..."

"Lete hicho hicho."

Mama akaleta ugali baridi na matembele ya jana. Bibi akakitua kibuyu, akanawa. Akamega tonge, akalitia mdomoni, akatafuna kwa yale meno yake machache, na mama amesimama mbele yake mikono kifuani anamtazama anavyomeza. Sijawahi kuona mtu akitazama mwingine akila namna ile. Tonge la pili. La tatu.

"Ugali una madonge," bibi akasema. "Tangu msichana. Nilikufundisha na nikakufundisha, na bado una madonge."

Mama akacheka, na ndani ya kicheko akaanza kulia, akajifuta uso kwa mikono yake yenye unga mpaka akawa mweupe wote. Bibi hakumtazama. Alifuta sahani kwa kidole, akainyoosha.

"Ongeza," akasema.

Mama akaenda kuongeza.